UZI: Matamasha ya filamu huru za kwia za Asia – kibali, faili, manukuu na chumba cha projekta

#1 Mkanda35

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotaka kujua matamasha ya filamu huru za kwia za Asia yanaendeshwaje. Nazungumzia filamu za watengenezaji wasio chini ya studio kubwa, zinazohusu wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao. Mjadala wa dini na maadili una nyuzi zake tele humu jukwaani. Hapa tuongee kazi.

Naanza na KASHISH ya Mumbai, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri kwamba kuchagua filamu ni sehemu nyepesi. Ilianzishwa mwaka 2010 na mtengeneza filamu Sridhar Rangayan. Tazameni tarehe hizi: Mahakama Kuu ya Delhi ilikilegeza kifungu cha 377, kilichofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai, Julai 2, 2009. Mahakama ya Juu ikakirudisha makali Desemba 2013, kisha yenyewe ikaja kukiondoa kwa watu wazima walioridhiana Septemba 6, 2018. Kwa hiyo kwa karibu miaka mitano tamasha lilifanyika hadharani wakati tendo lenyewe ni jinai kwenye vitabu. Na halikujificha uchochoroni. Kuanzia 2014 lilikuwa Liberty, ukumbi wa skrini moja uliofunguliwa 1949, viti kama 1,200.

Liliwezaje? Sheria ya filamu ya India ya 1952 inataka filamu yoyote ya kuonyeshwa hadharani ipite bodi ya ukaguzi, CBFC. Ila kifungu cha 9 kinaipa serikali kuu uwezo wa kusamehe filamu isipite huko. Tamasha linaomba msamaha huo Wizara ya Habari na Utangazaji: unapeleka orodha ya filamu zote, muhtasari wa kila moja, na tamko kwamba kamati ya tamasha imezitazama na kuzipendekeza. Masharti makubwa ni mawili: tamasha lisiwe la biashara, na watazamaji wawe washiriki waliosajiliwa, siyo wateja wa tiketi za mlangoni.

Yanayoharibika ni haya. Filamu iliyoongezwa baada ya orodha kwenda wizarani haina msamaha, hata iwe fupi ya dakika nne. Jina la filamu kwenye orodha likitofautiana na lililoandikwa kwenye filamu yenyewe (hutokea sana filamu ikiwa na jina la Kimarathi na la Kiingereza), karani ana haki ya kuuliza hii ni ipi. Muhtasari uliopambwa kwa maneno ya matangazo nao unaleta maswali. Andika mistari mitano mikavu: nani, wapi, nini kinatokea, dakika ngapi, lugha gani. Na msamaha hautolewi kwa mkumbo. Mwaka 2017 tamasha la filamu za hali halisi la Kerala lilinyimwa kwa filamu tatu, nyingine zote zikapita.

#2 jirani_wa_ilala

Mkuu, kwa hiyo mtu wa mtaani hawezi kuingia?

#3 Mkanda35

Anaingia, ila anajisajili kwanza kama mshiriki: umri miaka 18 na kuendelea, kitambulisho chenye picha, anavaa beji shingoni. Beji moja inamfungulia maonyesho yote. Kwa mwandaaji hilo lina maumivu yake, kwa sababu hujui watu wangapi watakuja kwenye onyesho lipi. Filamu ya ufunguzi inajaza hadi ngazi, ya saa tano asubuhi ina watu thelathini ndani ya ukumbi wa 1,200. Weka programu za filamu fupi za nyumbani jioni. Za nje zilizokwisha kusifiwa zinajiuza zenyewe hata mchana.

#4 Mwanamanga

Nakazia hapo kwenye ruhusa, maana kila mji una mlango wake.

Tamasha la Hong Kong ndilo kongwe Asia, lilianza 1989, miaka miwili kabla mji haujafuta jinai kwa wanaume, 1991. Pale filamu inapelekwa ofisi ya ukaguzi na kupewa daraja: I, IIA, IIB au III. Daraja la III ni la miaka 18 na zaidi, na ukumbi hauna hiari ya kulegeza. Tangu Novemba 2021 sheria iliyorekebishwa inamtaka mkaguzi aangalie pia usalama wa taifa, na kuonyesha filamu isiyo na kibali kunaweza kukugharimu dola za Hong Kong milioni 1 na kifungo cha miaka 3. Kwa mpanga programu hilo ni suala la kalenda. Kinachokaguliwa kiwe ndicho kitakachoonyeshwa, hivyo mtengenezaji anayetaka "kurekebisha kidogo" wiki ya mwisho ajibiwe hapana.

Taipei (tamasha la TIQFF, 2014), Tokyo (1992) na Seoul ya sasa (2011) hawana mashaka makubwa ya vibali. Seoul ya zamani ilikuwa nayo: tamasha la 1997 lilizuiwa na mamlaka, likafanyika 1998.

Beijing ni habari nyingine kabisa. Lilianzia Chuo Kikuu cha Peking mwaka 2001 na limefungiwa milango mara nyingi. Mwaka 2014 waandaaji walitumia treni ya abiria: watazamaji wakapanda na kompyuta zao za mapajani, filamu ikagawiwa kwa flashi, wakaanza kuitazama kwa pamoja treni ikienda. Kwa mpango wa namna hiyo faili inayofaa ni MP4 ya H.264 iliyochomewa manukuu ndani, kwa sababu kila kompyuta ina programu yake ya video na faili ya manukuu ya pembeni itagoma kwa nusu ya abiria. Kisha Machi 1, 2017 ikaanza kutumika sheria ya tasnia ya filamu. Filamu ya China isiyo na kibali cha kuonyeshwa haitakiwi hata kwenda tamasha la nje, kwa hiyo kabla ya kuitangaza muulize mtengenezaji jina lake liandikweje, na nchi ya uzalishaji iandikwe ipi.

Jakarta: tamasha la Q! lilianza 2002 likitumia vituo vya utamaduni vya nje kama Goethe na kile cha Wafaransa. Mwaka 2010 FPI, kundi la Kiislamu lenye msimamo mkali, liliandamana hadi milangoni kwao. Kituo cha ubalozi kinakukinga na mkaguzi. Na waandamanaji hakikukingi, kwa hiyo panga mlango wa pili wa kutokea.

#5 Ngara_reel

Hiyo ya vituo vya utamaduni huku kwetu tunaijua boss. Out Film Festival ya Nairobi ilianza 2011 hapo Goethe-Institut. Na mfano wa mahakama tunao: KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, ilipiga marufuku filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, Aprili 2018, Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku 7 mwezi Septemba, kwa watu wazima pekee, ili itimize masharti ya kushindania Oscar. Siku saba zilitosha kujaza kumbi. Wanaopanga maonyesho ya Asia huku wajue kwamba filamu ya Thailand au ya India bado inapita kwa bodi ileile. Kutoka mbali hakuipi msamaha.

#6 Salma_wa_Tanga

Samahani, kuna anayejua upande wa kutuma filamu? Natafsiri maswali ya kikundi cha wanafunzi wa filamu: gharama, fomu, na kama filamu fupi ya dakika 28 ina nafasi.

#7 Binti_Programu

Dada Salma, nakujibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Matamasha mengi yanapokea kupitia tovuti ya FilmFreeway. Ada hupanda kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia, kwa hiyo wanafunzi watume dirisha la kwanza. Kama hata hiyo ni nzito, waandike barua pepe ya mistari mitatu kuomba kusamehewa ada KABLA ya kutuma, siyo baada. Jina la filamu, dakika, nchi, sababu. Waraka wa kurasa mbili kuhusu ndoto za mwongozaji haumsaidii mtu.

Kiungo cha kutazamia kiwe na nywila, na nywila isibadilishwe hadi majibu yatoke. Anayetazama raundi ya tatu hana muda wa kuwatafuta. Filamu iwe na manukuu ya Kiingereza hata kama watu wanaongea Kiingereza cha Manila au cha Chennai ambacho wao wanadhani kinaeleweka kila mahali.

Dakika 28 ni urefu mgumu. Programu ya filamu fupi ni dakika 80 hadi 95. Zikiwa za dakika 15 zinaingia sita. Ya dakika 28 inakula nafasi ya mbili, hivyo mpanga programu anajiuliza kama ni nzuri mara mbili. Wakiweza kufika 19 kwa kukata mwanzo (filamu za wanafunzi huchelewa kuanza, dakika mbili za mtu anaamka na kupiga mswaki), wakate.

Onyesho la kwanza duniani si sharti kwa mengi ya matamasha haya. Wanachotaka ni la kwanza katika nchi au mji wao. Picha: watume tatu pana, ukubwa wa kuchapishika, na angalau moja isiyo ya busu. Picha ya busu ndiyo magazeti yanaikataa na mitandao inaishusha.

Jambo la mwisho linasahaulika kuliko yote, hasa kwa filamu za hali halisi. Chukueni ridhaa ya waliohojiwa kwa nchi, siyo kwa jumla. Mtu anaweza kukubali aonekane Taipei na London lakini asionekane mjini kwao. Waandike kwenye fomu: kuonyeshwa ukumbini wapi, mtandaoni wapi, picha yake itumike kwenye matangazo au la. Bila hayo, tamasha likihamia mtandaoni kama lilivyohamia KASHISH mwaka 2020 na 2021, filamu yenu inaachwa nje.

#8 jirani_wa_ilala

Na tamasha linawalipa wenye filamu?

#9 Binti_Programu

Ndefu yenye wakala wa mauzo, ndiyo: kwa kawaida kati ya euro 200 na 600 kwa onyesho moja, na kila onyesho la ziada linajadiliwa. Fupi mara nyingi hailipwi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni aibu kwa tamasha lenye wadhamini wa benki. Hata dola 30 kwa filamu ni heshima. Ukubaliane pia nani analipa usafirishaji wa kwenda na nani wa kurudi.

Hapo ndipo umoja unapunguza gharama. Kuna muungano wa matamasha ya eneo lile, APQFFA, ulioanzishwa 2015. Filamu ikitoka tamasha moja kwenda jingine hulazimiki kuomba faili upya kutoka kwa wakala, na manukuu ya Kichina yaliyotengenezwa kwa mji mmoja yanaweza kuombwa na mwingine.

#10 Mkanda35

Tuingie kwenye faili sasa. Ukumbi unacheza DCP, yaani kifurushi cha faili za sinema ya kidijitali, siyo MP4. Ndani ya folda ya DCP utakuta faili za MXF zenye picha za JPEG 2000 na sauti ya PCM ya biti 24 kwa 48 kHz, na faili ndogo za XML: ASSETMAP, PKL, na CPL (orodha ya kuchezea). Ukibadilisha jina la faili moja au kufuta moja "isiyo na kazi", seva inayocheza filamu inaikataa folda nzima.

Vipimo vya 2K kwa maumbo mawili ya picha: Flat ni 1998 × 1080, Scope ni 2048 × 858. Mtu anayekuletea 1920 × 1080 ndani ya Flat ana mistari miwili myembamba pembeni, haionekani sana. Balaa ni filamu ya Scope iliyofungwa ndani ya 1920 × 1080 kwa pazia nyeusi juu na chini, kisha DCP ikatengenezwa kama Scope: inakuwa kidirisha katikati ya skrini, nyeusi pande zote nne. Dawa ni kurudi kwenye faili mama, kukata zile pazia, ndipo utengeneze. DCP-o-matic ni bure na inafanya kazi hiyo vizuri.

Ukubwa: kikomo ni megabiti 250 kwa sekunde, lakini kwa filamu huru 100 inatosha. Dakika 90 kwa 100 ni takriban GB 67.5. Ukiipakia kwa intaneti ya megabiti 20, ni saa saba na nusu bila kukatika, kwa hiyo tumia huduma inayoendelea ilipoishia. Kwa USB 2 kuingiza kwenye seva ni kama dakika 38. Programu ya siku yenye ndefu nne haiingizwi asubuhi ya siku hiyo.

Diski ya nje iwe ext2 au ext3, jedwali la MBR. Seva nyingine zinasoma NTFS, nyingine hazisomi. Ya Mac ndiyo inayorudishwa kila mwaka.

Sauti nayo. Filamu iliyochanganywa kwa ajili ya YouTube ina wastani wa -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati mazungumzo ya sinema hukaa karibu na -27. Ukiicheza kwenye 7, namba ya kawaida ya kitasa cha sauti, inapasua masikio. Namba moja nzima ya kitasa ni kama desibeli 3.3, kwa hiyo unashuka namba kadhaa. Lakini kwenye programu ya fupi sita kila moja ina kiwango chake, hivyo andika karatasi: jina, Flat au Scope, kitasa, sekunde ya mwisho ya maandishi. Karatasi ibandikwe ukutani chumba cha projekta. Ikiwa kwenye simu ya mtu, mtu huyo atakuwa ameenda kula.

#11 Kisiwandui_99

Swali la haraka kwa wenye ujuzi: manukuu ya Kichina yanatoka vijisanduku vitupu kwenye skrini, kwenye kompyuta yapo sawa. Tatizo ni projekta?

#12 Fundi_Manukuu

Mkuu, projekta haina kosa. Fonti ndiyo haipo au imekataliwa. DCP yenye manukuu ya XML hubeba fonti yake ndani, na kwenye DCP za mtindo wa zamani, Interop, fonti haitakiwi kuzidi KB 640. Fonti ya Kilatini ni ndogo kuliko hapo. Ya Kichina, Kijapani au Kikorea ni megabaiti kadhaa. Seva inaitupa, inabaki na vijisanduku. Dawa: punguza fonti ibaki na herufi zilizotumika kwenye filamu hiyo tu. Filamu ya dakika 90 inatumia herufi za Kichina elfu moja na kitu, inaingia. Ukisahihisha neno moja kesho yake, punguza upya, la sivyo herufi mpya pekee ndiyo itakayotoka kijisanduku, na utaiona mbele ya watu mia tatu.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo lakini sio huo. Ukiona herufi za ajabu badala ya vijisanduku, hiyo ni usimbaji, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi. SRT (faili ya manukuu ya maandishi matupu) ya Taiwan au Hong Kong ya zamani huja kwa Big5, ya China bara kwa GB. Programu ikidhani ni UTF-8 inatoka uchafu. Fungua kwa usimbaji sahihi, hifadhi UTF-8, ndipo uendelee. Usijaribu kusahihisha uchafu kwa mkono.

Myanmar ndiyo tabu kuliko zote. Kwa miaka mingi nchi nzima iliandika kwa Zawgyi, inayotumia nafasi zilezile za Unicode kwa mpangilio wake. Serikali ilihamia Unicode rasmi Oktoba 1, 2019, lakini faili za filamu za kabla ya hapo bado zinazunguka. Kwa macho ya asiyejua Kiburma zote zinaonekana maandishi halali. Mpe mzawa asome mistari kumi kabla hujaichoma.

Kithai na Kihindi: vokali na alama za Kithai zinapandiana juu ya konsonanti, na Kidevanagari kinaunganisha konsonanti kuwa umbo moja. Baadhi ya seva zinachora herufi mojamoja, hazijui kuunganisha, hivyo alama zinaelea pembeni. Usibishane nayo. Toa manukuu kama picha za PNG, au yachome kwenye picha kabisa.

Sasa kuchoma au kutochoma? Manukuu ya Kiingereza yachome kwa filamu fupi, ndefu yaache ya XML. Tamasha la Tokyo litataka Kijapani badala yake, na Hong Kong litataka Kichina pamoja na Kiingereza, mistari ikibanana chini. Ukishachoma Kiingereza chini, Kijapani kinabidi kikae pembeni kulia kwa wima. Wajapani wamezoea hivyo, lakini Scope yenye mtu amekaa kulia inaharibika. Kwenye jina la DCP, TH-EN maana yake sauti ya Kithai, manukuu ya Kiingereza yanayojitegemea. TH-en kwa herufi ndogo ni yaliyochomwa. TH-XX hakuna kitu. Soma hilo kabla ya kufungua diski.

Kasi: mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kwa mstari, 15 hadi 17 kwa sekunde, mstari usikae chini ya sekunde moja wala zaidi ya saba. Kijapani ni herufi 4 kwa sekunde, kwa hiyo mtafsiri anapunguza karibu nusu ya maneno. Mpe orodha ya mazungumzo yenye safu ya nani anamwambia nani, na kwa mhusika aliyebadili jinsia iandike wazi anatajwa vipi na kuanzia onyesho gani. Mtafsiri anayefanya kazi kwa SRT tupu hamwoni usoni anayesema, atabahatisha, na kwenye tamasha la aina hii kosa hilo halisameheki.

#13 Kisiwandui_99

Nimekusoma. La mwisho: manukuu yanaanza sawa, yanamaliza yakiwa yamepishana na midomo.

#14 Fundi_Manukuu

Kasi ya fremu. Japani, Korea, Taiwan na Ufilipino wametoka mfumo wa NTSC, hivyo faili nyingi ni 23.976. DCP ya kawaida inacheza 24 kamili. Tofauti ni sehemu moja ya elfu: kwa dakika 90 ni sekunde 5.4. India, Thailand, Indonesia na China walikuwa PAL, faili ni 25. Ukiipunguza kuwa 24 filamu ya dakika 90 inakuwa 93 na sekunde 45, na sauti inashuka kidogo isiporekebishwa. Pima mstari wa kwanza na wa mwisho. Upishano ukiwa wa kiwango kilekile mwanzo na mwisho, sogeza tu. Upishano ukikua kadiri filamu inavyoenda, badilisha kasi, usisogeze.

#15 Chuma_cha_Reli

Mnajitesa bure. Blu-ray inatosha, nani atajua?

#16 Mkanda35

Kumbi nyingi za leo hazina tena njia ya kuichezea kutoka chumba cha projekta, mtu anakaa chini na rimoti gizani. Filamu sita fupi ni diski sita, menyu sita, na menyu inaonekana na ukumbi mzima. Kama akiba, sawa. Weka MP4 ya kila filamu kwenye kompyuta iliyounganishwa na projekta na kujaribiwa sauti. Faili ya akiba isiyojaribiwa usiihesabu.

#17 nana_bl

Nauliza kwa nia njema, zile tamthilia za BL (Boys' Love, mapenzi ya wavulana) za Thailand zinaingia kwenye matamasha haya?

#18 Mwanamanga

Chache, na zaidi kama tukio la mashabiki. BL ni biashara ya televisheni: ina wadhamini, ratiba ya kila wiki, waigizaji wanaouzwa wawili wawili. Tamasha linatafuta kile ambacho hakina mlango mwingine. Thailand hiyohiyo ilipiga marufuku filamu huru ya Tanwarin Sukkhapisit mwaka 2010, na mahakama ikaja kuamua 2015 kwamba ikikatwa sekunde tatu inaweza kuonyeshwa. Ila mpanga programu mwenye akili haidharau hadhira ya BL. Anaweka programu fupi ya Kithai Jumamosi saa kumi jioni, na wanakuja.

#19 Ngara_reel

Niongeze kuhusu usalama wa watazamaji maana hakuna aliyegusa. Malipo ya kadi yaonekane kwenye taarifa ya benki kwa jina la ukumbi au la kampuni ya tiketi. Jina la tamasha lisitokee pale. Wanaokaa na wazazi wanaelewa. Kamba za beji ziwe rangi mbili, moja ya wasiotaka kupigwa picha, na mpiga picha wa tamasha apewe maelekezo hayo kwa maandishi. Picha za ukumbi zipigwe kutoka nyuma. Orodha ya waliosajiliwa isikae kwenye jedwali linalofunguliwa na kila mtu wa kujitolea. Kwa sababu India inataka usajili wenye kitambulisho, orodha ile ndiyo kitu hatari kuliko filamu yoyote mliyonayo. Iwe na mtu mmoja, na mjue inafutwa lini.

#20 Mzee_wa_Akiba

Vijana mmesahau filamu za zamani. Matamasha haya siku hizi yanapenda kuonyesha za miaka ya 70 na 80, nyingine zipo kwenye filamu ya 35mm tu. Ukiazima kwa hifadhi kama ile ya Thailand iliyopo Salaya au TFAI ya Taiwan, wataanza na maswali kuhusu mashine yenu. Reli (gurudumu la mkanda) moja ya futi 2,000 ni dakika 22, filamu ya dakika 90 ni reli tano. Wanataka projekta mbili za kupokezana. Hawataki sahani kubwa inayounganisha reli zote, kwa sababu inabidi ukate na kubandika mkanda wao. Mkanda ukifika uache saa 24 ndani ya makasha uzoee joto la chumba kabla ya kufungua, vinginevyo unyevu unatanda juu yake. Ukifungua na kusikia harufu ya siki, asetati imeanza kuoza: pima kama umesinyaa, andika kwenye ripoti ya hali, piga picha, waarifu wenyewe kabla ya kuucheza. Joto na unyevu wa kusini-mashariki mwa Asia vimemaliza mikanda mingi kwa njia hiyo.

#21 Salma_wa_Tanga

Ahsanteni sana wote. Mzee wangu shikamoo. Swali la mwisho kutoka kwa wanafunzi: wamesikia kuna "ufunguo" wa filamu. Wao waweke?

#22 Mkanda35

Wasiweke. Ufunguo, KDM, ni faili ya XML inayofungua DCP iliyofungwa kwa siri, kwa seva moja tu na kwa muda maalumu. Wasambazaji wakubwa wana watu wa kushinda usiku wakizitoa upya. Mwanafunzi hana. Ukumbi ukibadilisha seva asubuhi, ufunguo wa jana haufai kitu.

Kwa filamu ndefu ya wakala inayokuja imefungwa, mwandaaji afanye hivi: achukue cheti cha seva kutoka kwa fundi wa ukumbi huo, siyo kutoka orodha ya mwaka jana, aombe dirisha linaloanza saa 48 kabla ya onyesho ili apate muda wa kujaribu, liishe saa 12 baada yake. Na aandike saa pamoja na tofauti ya UTC. Mumbai ni +5:30, Yangon ni +6:30, Kathmandu ni +5:45, na anayetengeneza funguo akiwa Ulaya huwa anasahau hizo nusu na robo. Dirisha la kuanza saa 12:00 jioni likiandikwa 18:00 bila kutaja eneo, akalichukua kama UTC, Mumbai ufunguo utafunguka saa 5:30 usiku.

#23 Fundi_Manukuu

Na kama manukuu ya Kijapani yamekuja kama faili ya nyongeza, VF, ya megabaiti chache, hakikisha OV yake, yaani DCP ya filamu asili, imeshaingizwa kwenye seva hiyohiyo, na ufunguo umetolewa kwa CPL ya VF. Wa OV utafungua filamu bila manukuu.